Rickwood Field

Rickwood Field ni uwanja wa besiboli uliopo upande wa magharibi wa mji wa Birmingham, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Ulifunguliwa tarehe 18 Agosti 1910, na kati ya viwanja vyote vya besiboli ya kulipwa vinavyosimama bado nchini humo ndio wa kale zaidi. Unazidi kwa umri Fenway Park wa Boston (1912) na Wrigley Field wa Chicago (1914), ingawa viwanja hivyo viwili vinajulikana zaidi duniani.

Kwa takriban miaka 40 uwanja huu ulikuwa nyumbani kwa timu mbili. Birmingham Barons ilikuwa timu ya Wazungu, na Birmingham Black Barons ilikuwa timu ya Wamarekani Weusi. Zilikimbia juu ya nyasi zilezile na kuketi kwenye mabenchi yaleyale, lakini hazikuruhusiwa kukutana mchezoni. Ndiyo maana historia ya michezo na wachezaji wa Rickwood haiwezi kuelezwa kwa alama na ushindi tu. Inabidi kueleza pia nani aliruhusiwa kucheza siku gani, na nani aliruhusiwa kuketi wapi.

Maelezo mafupi kuhusu mchezo

Besiboli huchezwa na timu mbili zenye wachezaji tisa kila moja. Mrushaji wa timu moja humtupia mpira mpigaji wa timu nyingine. Mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo, kisha hukimbia kupitia vituo vitatu, yaani beisi, hadi kurudi alipoanzia. Akifika salama, timu yake inapata pointi moja. Mpira ukipigwa ukavuka ukuta wa uwanja, mpigaji huzunguka beisi zote bila kusumbuliwa. Mchezo una duru tisa, na katika kila duru timu zote mbili hupata nafasi ya kupiga. Pointi huwa chache, hivyo mchezo kumalizika 1–0 si ajabu, lakini ni jambo linalokumbukwa.

Juu kabisa ziko ligi kuu mbili, na chini yake ziko ligi ndogo ambazo hukuza vijana na kuwapa kazi wakongwe. Barons walicheza katika ligi ndogo. Kwa sababu hiyo wengi wa wachezaji mashuhuri waliovaa jezi yao walipita Birmingham wakiwa njiani: ama vijana wanaopanda, ama wazee wanaoshuka. Black Barons walikuwa na hali nyingine. Wao walicheza katika ngazi ya juu kabisa iliyokuwa wazi kwa mchezaji Mweusi, na kwa muda mrefu hapakuwa na mahali pengine pa kupanda.

Kujengwa kwa uwanja

Birmingham ulianzishwa mwaka 1871 na kukua haraka kutokana na makaa ya mawe na chuma. Allan Harvey Woodward, ambaye watu walimwita Rick, alitoka katika familia iliyomiliki kampuni kubwa ya chuma. Aliipenda besiboli kuliko biashara ya nyumbani kwao, akainunua timu ya mji na kuamua kuijengea uwanja wa saruji na chuma wakati ambapo timu nyingi za ligi ndogo zilicheza kwenye viwanja vya mbao vilivyoungua mara kwa mara. Mifano aliyoifuata ilikuwa miwili, yote ya mwaka 1909: Forbes Field wa Pittsburgh na Shibe Park wa Philadelphia. Connie Mack, meneja maarufu wa timu ya Philadelphia Athletics, alimshauri kuhusu mpangilio wa uwanja.

Jina lilitokana na shindano la wananchi, likaunganisha "Rick" na sehemu ya kwanza ya "Woodward". Siku ya ufunguzi maduka na ofisi za mji zilifungwa ili watu waende uwanjani, na zaidi ya watazamaji 10,000 walifika. Barons waliifunga timu ya Montgomery 3–2.

Baadaye ziliongezwa sehemu nyingine. Lango la mbele lenye mtindo wa Kihispania lilijengwa mwaka 1928. Nguzo za taa, ambazo vichwa vyake huinama na kutokeza juu ya uwanja, ziliwekwa mwaka 1936. Ukuta wa zamani wa saruji upande wa nyuma upo hadi leo, nyuma ya uzio wa karibu zaidi uliojengwa baadaye. Mwaka 1948 Walt Dropo, mpigaji wa Barons mwenye mwili mkubwa, aliupiga mpira ukagonga ukuta huo wa mbali, na mahali ulipogonga palichorwa alama ya X.

Wapo pia wageni. Timu za ligi kuu zilizoea kufanya mazoezi kusini wakati wa baridi na kupitia Birmingham zikirudi kaskazini, hivyo karibu kila jina kubwa la nusu ya kwanza ya karne ya 20 lilicheza hapa angalau mara moja. Inasimuliwa kwamba Babe Ruth aliupiga mpira hapa ukaangukia kwenye behewa la treni iliyokuwa ikipita na kusafiri nayo hadi Atlanta. Simulizi hiyo husemwa pia kuhusu viwanja vingine vilivyo karibu na reli, na msomaji aichukue kama hadithi nzuri ya uwanjani.

Mchezo wa mwaka 1931

Kwa Barons, siku inayokumbukwa kuliko zote ni tarehe 16 Septemba 1931. Mwaka huo walikuwa mabingwa wa Southern Association, na kama desturi walikutana na mabingwa wa Ligi ya Texas katika mfululizo ulioitwa Dixie Series. Wapinzani walikuwa Houston Buffaloes, na mrushaji wao alikuwa Dizzy Dean, kijana wa miaka 21 aliyekuwa ameshinda michezo 26 msimu huo. Dean alikuwa na mkono wa ajabu na mdomo usiotulia. Alikuja Birmingham akijigamba kwamba atashinda bila taabu.

Barons walimpanga Ray Caldwell, mwenye umri wa miaka 43. Caldwell aliwahi kuwa mrushaji wa New York Yankees, na kipaji chake kilipotea sehemu kubwa katika ulevi. Nje ya hapo alijulikana kwa tukio moja la kushangaza. Tarehe 24 Agosti 1919, akiichezea timu ya Cleveland kwa mara ya kwanza, alipigwa na radi akiwa katikati ya uwanja, katika duru ya tisa. Alianguka, akainuka, akaomba mpira na kumaliza mchezo kwa ushindi.

Zaidi ya watu 20,000 walijipenyeza Rickwood, idadi kubwa kuliko viti vilivyokuwapo. Kwa duru saba hakuna aliyepata pointi. Kijana alitegemea kasi, mzee alitegemea akili na kuuweka mpira pale mpigaji asipotaka. Katika duru ya nane Billy Bancroft wa Barons alimpiga Dean pigo la beisi mbili, na mwenzake akakimbia hadi nyumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa pointi pekee ya siku. Caldwell alishinda 1–0, na Barons wakaupata ubingwa kwa michezo 4 dhidi ya 3.

Dean hakupungukiwa na kitu. Miaka mitatu baadaye alishinda michezo 30 katika ligi kuu akiwa na St. Louis Cardinals na kutwaa ubingwa wa dunia. Kwa Caldwell, huo ulikuwa karibu ushindi wa mwisho mkubwa wa maisha yake.

Watazamaji Weusi waliohudhuria siku hiyo waliketi kwenye majukwaa yaliyotengwa upande wa kulia wa uwanja, mbali na paa na kivuli.

Black Barons na Satchel Paige

Black Barons iliundwa mwaka 1920. Wachezaji wake wengi wa mwanzo walitoka katika timu za viwanda, kwa sababu kampuni za chuma na makaa ya mawe ziliunda timu za wafanyakazi, za Wazungu na za Weusi, zikishindana kila wiki. Vijana waliokulia katika vitongoji vya wachimba makaa walianza kucheza wakiwa watoto na kukabiliana na watu wazima mapema.

Timu ilikodi Rickwood siku ambazo Barons walikuwa safarini. Michezo ya Jumapili ilikuwa mikubwa. Waumini walitoka kanisani wakaenda moja kwa moja uwanjani, wanaume na kofia zao, wanawake na nguo zao za ibada. Siku hizo mpangilio wa viti uligeuka: Weusi walijaza jukwaa kuu lenye paa, na Wazungu waliopenda kutazama walitengewa sehemu yao. Sheria ya kutenganisha ilibaki ileile, ila watu walibadilishana pande.

Mwaka 1927 timu ilimpata kijana mrefu mwembamba kutoka Mobile, Alabama, aitwaye Leroy "Satchel" Paige. Alikaa hadi mwaka 1930. Mwaka wake wa kwanza Black Barons walishinda nusu ya pili ya msimu wa Negro National League, wakashindwa na Chicago American Giants katika fainali. Paige alirusha mpira kwa kasi kubwa na kwa usahihi ambao wapigaji waliuzungumzia maisha yao yote. Wamiliki walizoea kumwazima kwa timu nyingine kwa siku moja ili kuvuta watazamaji, na mapato yakagawanywa.

Alipoondoka Birmingham, Paige alikuwa na umri wa miaka 24 na uwezo kamili. Mlango wa ligi kuu ulifunguliwa kwake mwaka 1948, alipoichezea Cleveland akiwa na miaka 42. Miaka 18 iliyo katikati aliitumia barabarani, kutoka mji hadi mji.

Mwaka 1948

Msimu bora kuliko yote uliochezwa Rickwood huenda ni huu, na haukuchezwa na timu ambayo uwanja ulijengwa kwa ajili yake. Meneja wa Black Barons alikuwa Lorenzo "Piper" Davis, ambaye pia alicheza. Alizaliwa katika kitongoji cha wachimba makaa kiitwacho Piper, ndiko lilikotoka jina lake la utani. Davis aliwahi kucheza katika timu ya kiwanda pamoja na mtu aliyeitwa Cat Mays, na mwaka huo alimchukua mtoto wa rafiki yake, Willie.

Willie Mays alizaliwa tarehe 6 Mei 1931 huko Westfield, kando ya Birmingham. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari wa miaka 17. Makubaliano na familia yalikuwa kwamba wakati wa masomo angecheza tu pale ambapo shule haimkosi, hasa mwishoni mwa wiki. Mwanzoni aliwekwa upande wa kushoto wa uwanja. Norman Robinson, aliyelinda eneo la katikati, alipovunjika mguu, Davis alimhamishia Mays hapo. Nafasi hiyo hakuiachia tena kwa zaidi ya miaka 20, katika timu zote alizozichezea.

Mays alisema mara nyingi kwamba Davis ndiye aliyemfundisha mchezo. Simulizi moja aliyoirudia ni ya siku aliyopigwa na mpira wa mrushaji mzoefu, Chet Brewer, akaanguka chini akilia kwa maumivu. Davis alimfuata na kumwuliza kama anaiona beisi ya kwanza. Alipokubali, akaambiwa aende huko, kisha aibe beisi ya pili, halafu ya tatu. Akafanya hivyo. Huruma ya meneja ilikuwa ya namna hiyo.

Mwezi Septemba Black Barons walikutana na Kansas City Monarchs kugombea ubingwa wa Negro American League. Monarchs waliongozwa na Buck O'Neil na walikuwa timu maarufu kuliko zote za Weusi. Jackie Robinson alikuwa ametokea kwao. Mfululizo ulifika hadi mchezo wa mwisho, na Davis akampa mpira mrushaji kijana Bill Greason, mwanajeshi wa zamani aliyepigana Iwo Jima katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Greason alishinda.

Katika fainali ya Negro World Series walikutana na Homestead Grays, ambao walikuwa wamewashinda mwaka 1943 na 1944. Mchezo wa tatu ulichezwa Rickwood tarehe 30 Septemba. Duru ya tisa ilifika timu zikiwa sawa 3–3, Greason akiwa kwenye beisi na Mays akiwa na gongo. Mays aliupiga mpira ukapita katikati ya miguu ya mrushaji Ted Alexander na kuendelea hadi nyuma ya uwanja. Greason akakimbia nyumbani, 4–3.

Huo ulikuwa ushindi pekee wa Black Barons katika fainali hiyo. Grays walitwaa ubingwa kwa michezo 4 dhidi ya 1. Negro World Series haikuchezwa tena baada ya hapo. Jackie Robinson alikuwa ameingia ligi kuu mwaka 1947, na watazamaji Weusi kote nchini walianza kumfuata yeye na wenzake kwa redio na magazeti. Mafanikio waliyoyapigania kwa muda mrefu ndiyo yaliyofilisi timu zao wenyewe.

Timu iliyokuwa na ufunguo

Kuna jambo lingine kuhusu miaka hiyo ambalo wapenzi wa besiboli wa Boston hulizungumza kwa uchungu. Kuanzia mwaka 1948 Barons walikuwa timu ya mafunzo ya Boston Red Sox. Maana yake ni kwamba watu wa Red Sox walikuwa Rickwood kila mara, wakitumia vyumba vilevile walivyotumia Black Barons. Hakuna timu ya ligi kuu iliyokuwa karibu zaidi na Willie Mays.

Mtafuta vipaji wao, George Digby, alimwona na kuwaarifu wakubwa wake kwamba ndiye mchezaji bora wa umri huo aliyewahi kumtazama. Hawakumtaka. Mwaka 1950 walimsajili Piper Davis badala yake, wakamweka katika timu ya Scranton na kumwacha kabla msimu haujafika mbali, ingawa alikuwa akipiga vizuri kuliko wenzake. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kifedha. Red Sox hawakuwa na mchezaji Mweusi hadi mwaka 1959, wakiwa timu ya mwisho kabisa katika ligi kuu.

New York Giants walimpata Mays karibu kwa bahati. Mtafuta vipaji wao, Eddie Montague, alitumwa Birmingham mwaka 1950 kumtazama mchezaji mwingine wa Black Barons, Alonzo Perry, na macho yake yakabaki kwa kijana wa katikati ya uwanja. Mays alisaini baada ya kumaliza shule mwezi Juni. Aliingia ligi kuu mwaka 1951 na kumaliza akiwa na mapigo 660 ya kuvuka ukuta.

Black Barons waliendelea kwa miaka kadhaa wakizidi kudhoofika. Mmoja wa warushaji wao mwaka 1954 alikuwa Charley Pride, ambaye baadaye alikuwa mwimbaji mkubwa wa muziki wa country. Pride mwenyewe alisimulia kwamba klabu yake ya Louisville ilimwuza Birmingham pamoja na mwenzake ili ipate basi lililotumika.

Sheria ya mwaka 1950 na mtangazaji wa zamani

Ubaguzi uwanjani haukuwa desturi tu. Mwaka 1950 halmashauri ya Birmingham ilipitisha sheria namba 597 iliyokataza Mweusi na Mzungu kucheza pamoja karata, dadu, domino, dama, besiboli, mpira wa miguu wa Kimarekani na mpira wa kikapu. Mtu aliyecheza dama na jirani yake wa rangi nyingine kibarazani alikuwa mkosaji mbele ya sheria.

Kamishna wa usalama aliyesimamia utaratibu huo kwa miaka mingi alikuwa Eugene "Bull" Connor. Kabla ya siasa, Connor alikuwa mtangazaji wa redio, na sauti yake ilijulikana mjini kwa kutangaza michezo ya Barons. Umaarufu huo ndio uliomfikisha bungeni mwaka 1934 na baadaye katika uongozi wa mji. Dunia ilimjua mwaka 1963, alipoamuru mbwa wa polisi na mabomba ya maji ya zimamoto yatumiwe dhidi ya waandamanaji, wengi wao wakiwa watoto wa shule.

Januari 1954 sheria ililegezwa kwa upande wa michezo ya kulipwa, na majira hayo Brooklyn Dodgers walileta Jackie Robinson Rickwood kucheza na Milwaukee Braves. Mwezi Juni wapiga kura waliirudisha katazo. Southern Association nayo haikuwahi kufungua milango: katika historia yake yote ilikuwa na mchezaji mmoja tu Mweusi, Nat Peeples wa Atlanta, aliyecheza michezo miwili mwaka 1954. Timu kubwa zilikataa kupeleka vijana wao Weusi mahali pa namna hiyo, watazamaji wakapungua, na ligi ikafa baada ya msimu wa 1961. Rickwood ikakaa bila besiboli ya kulipwa ya Barons mwaka 1962 na 1963.

1964 na 1967

Aliyeirudisha timu alikuwa Charlie Finley, tajiri wa bima aliyemiliki Kansas City Athletics. Finley alizaliwa jirani na Birmingham, na alipokuwa mtoto aliokota magongo ya wachezaji Rickwood. Barons wapya walianza msimu Aprili 1964, miezi saba baada ya bomu kuua wasichana wanne katika Kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16 mjini humo. Kwa mara ya kwanza timu ya Birmingham ilikuwa na Weusi na Wazungu pamoja, na watazamaji waliketi popote walipotaka. Meneja alikuwa Haywood Sullivan, Mzungu wa kusini.

Timu hiyo ilimaliza ya pili nyuma ya Lynchburg. Ndani yake alikuwamo Bert Campaneris kutoka Kuba, ambaye aliitwa ligi kuu mwezi Julai na kuvusha mpira ukutani mara mbili katika mchezo wake wa kwanza. Alikuwamo pia mrushaji Johnny "Blue Moon" Odom, aliyetoka shule moja kwa moja.

Mwaka 1967 timu, ikiitwa sasa Birmingham A's, ilikuwa na Reggie Jackson, Rollie Fingers, Dave Duncan na Joe Rudi, chini ya meneja John McNamara. Ilitwaa ubingwa wa Southern League, na Jackson akawa mchezaji bora wa ligi. Wengi wao walikuwa baadaye nguzo ya Oakland Athletics walioshinda ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 1972 hadi 1974.

Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 ilikuwa imefuta utengano kwenye karatasi. Jackson, aliyekuwa na miaka 21, alikutana na hali halisi. Mwaka 2024 aliieleza kwenye televisheni, akiwa amesimama Rickwood: mikahawa iliyomkataa, hoteli zilizomfukuza, na usiku aliolala kwenye kochi la Rudi na mkewe hadi watu walipotishia kuliteketeza jengo. Alisema kwamba bila meneja wake na wachezaji hao Wazungu asingeumaliza msimu, na kwamba hamtakii mtu yeyote yaliyompata. Watangazaji waliokuwa naye walimwacha aseme hadi mwisho.

Kuondoka kwa Barons na kuhifadhiwa kwa uwanja

Barons walicheza Rickwood hadi mwaka 1987, walipomaliza kwa ubingwa na kuhamia uwanja mpya wa Hoover, nje ya mji. Wasomaji wengi wanajua kwamba Michael Jordan aliichezea Barons mwaka 1994 alipoacha kikapu kwa muda. Ni kweli, lakini ilikuwa Hoover. Tangu mwaka 2013 timu hiyo ina uwanja mwingine katikati ya Birmingham.

Uwanja wa kale ungeweza kubomolewa kama ilivyokuwa kwa Forbes Field na Shibe Park. Mwaka 1992 wananchi waliunda chama cha Friends of Rickwood ili kuutunza. Filamu kama "Cobb" na "42" zilipigwa hapa kwa sababu uwanja unafanana na enzi zinazosimuliwa. Tangu mwaka 1996 Barons walirudi mara moja kwa mwaka kucheza wakiwa na jezi za zamani.

Mchezo wa tarehe 20 Juni 2024

Ligi kuu ilipanga mchezo wa kwanza wa msimu rasmi kuwahi kuchezwa Rickwood, kati ya San Francisco Giants na St. Louis Cardinals, kwa heshima ya Negro Leagues na Willie Mays. Wiki tatu hivi kabla, takwimu za ligi hizo zilikuwa zimeingizwa rasmi katika rekodi za ligi kuu. Mays aliongezewa mapigo salama 10 aliyoyapata mwaka 1948 akiwa mwanafunzi, jumla yake ikapanda kutoka 3,283 hadi 3,293.

Siku chache kabla ya mchezo Mays alitoa taarifa kwamba hataweza kusafiri. Alifariki tarehe 18 Juni, akiwa na miaka 93. Jioni hiyo mchezo wa ligi ndogo ulikuwa ukiendelea Rickwood, na watazamaji walitangaziwa habari hiyo wakiwa vitini. Walisimama wakapiga makofi kwa muda mrefu.

Tarehe 20 watazamaji walikuwa 8,332. Giants walivaa jezi za San Francisco Sea Lions na Cardinals za St. Louis Stars, timu mbili za Weusi za zamani. Waamuzi wote wa siku hiyo walikuwa Weusi, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika ligi kuu. Mpira wa ufunguzi ulirushwa na Bill Greason, mwenye miaka 99, ambaye baada ya besiboli alikuwa mchungaji wa kanisa mjini Birmingham kwa miaka mingi. Cardinals walishinda 6–5.